Mtori Unavyopikwa Ukapikika

Mtori mbaya hujulikana kabla ya kuonjwa. Ukiinua kijiko unavutika na kunata, juu umefanya utando, na rangi imeelekea kijivu chenye vidoa vyeusi. Mtori mzuri humiminika kutoka kwenye kijiko taratibu bila kukatika katika mabonge, na ukiumeza unaacha midomo ikinatana kidogo kwa utajiri wa mifupa. Cha ajabu ni kwamba vilivyomo katika masufuria hayo mawili vinaweza kuwa vile vile: ndizi, nyama ya ng'ombe, maji, chumvi, kitunguu, maziwa au samli. Kinachovitenga ni mpangilio wa hatua, na muda uliopewa kila hatua. Mtori una msimu wake, na nimeona migahawa mingi yenye wapishi hodari ikiuharibu kwa kufupisha mahali pasipofupishika. Kwa hiyo tuupike hapa polepole, hatua kwa hatua.

Kwanza msimu wenyewe. Masika yakiisha mwezi Mei, wingu hukaa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Kilema, Marangu na Rombo, na kuanzia Juni hadi Agosti kuna siku jua halionekani mpaka adhuhuri. Migomba ya kihambani, yaani shamba linalozunguka nyumba, huzaa mwaka mzima, kwa hiyo si uhaba wala wingi wa ndizi unaoufanya mtori uwe chakula cha Julai. Ni uzito wake. Katika supu nyepesi, kilicho moto hupanda juu, hupoa, kisha hushuka, na mzunguko huo huchota joto haraka. Katika uji mzito wa ndizi mzunguko huo hauwezekani. Bakuli la mtori bado linachoma ulimi wakati mafuta ya supu ya jirani yameshaanza kuganda pembeni ya sahani. Mwili uliotoka kwenye baridi ya Marangu unalijua hilo bila kuelezwa. Ndiyo maana pia mzazi, ambaye kwa desturi ya Wachaga hukaa ndani hata miezi mitatu akihudumiwa, huletewa mtori na mama mkwe wake: mwepesi zaidi, bila pilipili, wa moto kila mara.

Sasa mifupa, maana hapo ndipo wengi wanapoanza kukosea. Mtori huanza na supu. Ndizi huja baadaye, na si kwa dakika chache. Kwa familia ya watu sita ninapendekeza kilo moja ya nyama yenye mifupa: kidari, kipande cha goti, na ukipata kongoro, kipande kimoja kitoshe. Nyama laini isiyo na mfupa ni ya bei na haina kazi hapa. Tunachokitafuta kimo kwenye kano, gegedu na ngozi ya viungo. Humo mna kolajeni, na kolajeni ikikaa kwenye maji ya moto kwa saa kadhaa huyeyuka na kuwa jelatini, ile inayoifanya supu iliyopoa iwe ya kutetema. Jelatini ndiyo inayoupa mtori ulaini mdomoni bila haja ya mafuta mengi.

Mifupa iwekwe kwenye maji baridi, lita tatu hivi, kisha moto upandishwe polepole. Maji yakipata joto taratibu, povu huja juu kwa pamoja, likachotwa kwa upawa. Ukitumbukiza nyama kwenye maji yanayochemka, au ukiacha supu itokote kwa fujo, povu na mafuta husambaa ndani na hutaweza kuyatoa tena. Baada ya hapo moto uwe mdogo, maji yawe yanatikisika tu. Saa tatu si nyingi. Mlimani huchukua zaidi kidogo, kwa sababu kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi maji huchemka kwenye nyuzi 95, siyo 100 kama Dar es Salaam. Bibi zetu hawakuwa na kipimajoto. Dalili yao ilikuwa nyama kuachia mfupa yenyewe, na vidole kunatana baada ya kugusa supu. Sijakutana na kipimo bora kuliko hicho.

Mkaa ni ghali na gesi ni ghali, na mama lishe anayeamka saa tisa usiku hawezi kuambiwa achome kuni kwa muda wa saa tatu kwa supu ya shilingi chache. Ninalielewa hilo kabisa. Jibu lake ni presha kuka. Ndani yake joto hupanda hadi karibu nyuzi 120, na kazi ya saa tatu hukamilika kwa dakika 50 hivi. Supu haitakuwa angavu vilevile, lakini jelatini yote itakuwamo. Hapo kufupisha kunaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kutia ndizi ndani ya presha pamoja na mifupa ili kumaliza yote kwa mkupuo mmoja. Ndizi zitasambaratika, utapoteza uwezo wa kujua lini zimeiva, na vipande vya gegedu vitazama humo usivione mpaka mteja avitafune.

Ndizi ya mtori ni mshare. Ndizi Bukoba hupondeka vizuri na ukiwa nazo usiache kupika, ila ladha ni nyingine. Mzuzu ni mgumu na una utamu usiotakiwa. Mshare mbichi uliokomaa, ukiondoa maji yaliyomo, karibu robo tatu ya kilichobaki ni wanga, na wanga huo ndio mwili wote wa mtori. Ndizi inapoanza kuiva, wanga hugeuka sukari siku kwa siku. Huwezi kuliona hilo kwenye ganda mapema, lakini sufuria italionyesha: mtori utakuwa mwepesi na mtamu, na chumvi haitaufuta utamu huo.

Hii ndiyo sababu mtori wa Dar es Salaam mara nyingi una utamu kidogo. Mkungu ukikatwa Marangu leo, hupita sokoni au kwa mchuuzi wa njiani, hupakiwa kwenye lori, husafiri zaidi ya kilomita 500 hadi kwenye joto la soko la Mabibo, na njiani ndizi zimebanana zikipumuliana gesi ya kuivisha. Mkungu mmoja ulioanza kugeuka huwaharakisha wenzake. Ukinunua Mabibo, usitazame ganda tu. Omba uvunje ndizi moja. Iliyo mbichi kweli hukatika kwa mlio na kutoa utomvu mwingi, na iliyochelewa hupinda kwanza.

Utomvu huo huo ni adui wakati wa kumenya. Hunata mikononi na kuacha madoa yasiyotoka kwenye nguo, kwa hiyo paka mafuta ya kula viganjani kabla ya kugusa kisu. Menya ndizi ndani ya beseni la maji, au uitumbukize mara tu ganda linapotoka. Hewa ikiigusa nyama ya ndizi, vimeng'enya vyake huanza kuisawijisha ndani ya dakika chache, na weusi huo hautoki kwa kupikwa. Maji yenye kipande cha ndimu huzuia vizuri zaidi, lakini zisuuze kabla ya kuzipika, maana uchachu una shida zake. Kwangua kidogo pia ile ngozi ya ndani inayobaki baada ya ganda. Nyuzi zake ndizo zile zinazokwaruza koo.

Kwa ile supu iliyobaki kama lita mbili, ndizi kumi na mbili za wastani zinatosha. Opoa nyama yote kwanza, tenga na mifupa, ichambue, iweke kando ikiwa imefunikwa. Tia ndizi kwenye supu inayochemka pamoja na kitunguu, funika, na uziache nusu saa hivi. Ndizi imeiva pale kijiko kinapoikata bila kusukumwa na katikati yake hakuna kiini cheupe kigumu.

Nyanya zina ugomvi katika kila ukoo. Zipo nyumba zinazotia nyanya na karoti, zipo zisizotia hata kitunguu, na kila moja inaamini jirani amepotoka. Sitaamua ugomvi huo kwa ladha. Kwa ufundi, hata hivyo, nyanya ikiingia mwanzoni huchelewesha ndizi kulainika, kwa sababu uchachu huimarisha ile gundi ya asili inayoshikanisha seli za mmea. Utasubiri, utaongeza kuni, na bado utakuta vijiwe vigumu ndani ya mtori. Anayetaka nyanya aikaange pembeni, aitie baada ya kuponda.

Kuponda kwenyewe ndiko kiini cha kazi hii. Ndizi iliyoiva ni mamilioni ya seli, na kila seli imejaa wanga uliovimba kwa maji ya moto. Ukiponda kwa mwiko wa mti, au kwa upekecho pale ulipo, seli hutengana moja moja lakini nyingi hubaki nzima, zimefungia wanga wake ndani. Ulimi huzihisi kama ulaini. Blenda hufanya jambo tofauti kabisa: visu vyake hupasua seli, wanga humwagika nje, na wanga ulio huru ndani ya maji ya moto hunata. Supu ikiwa nyingi sana madhara hupungua, na ndiyo maana wapo wanaoitumia na kuridhika. Lakini mtori wa blenda huwa wa namna moja kutoka juu hadi chini, hauna punje ndogo ndogo zinazoonyesha kwamba hiki kilikuwa ndizi, na ukipoa kidogo tu unakuwa kitu cha kukatwa kwa kisu.

Kwa hiyo chota karibu nusu ya supu uiweke kando, zibaki ndizi na supu kidogo, epua sufuria, ponda zikiwa moto bado. Joto ni muhimu, maana ndizi iliyopoa wanga wake huanza kujifunga upya na mabonge yatakayotokea hayatavunjika. Kisha rudisha supu upawa mmoja mmoja, ukikoroga kuelekea upande mmoja bila papara, mpaka uzito unaoutaka ufike. Acha uwe mwepesi kidogo kuliko unavyotamani, kwa kuwa utaongeza uzito wenyewe ukifika mezani. Rudisha nyama iliyochambuliwa, tia chumvi sasa, kwani supu imeshapungua na unajua kilichobaki.

Maziwa au samli huingia mwisho kabisa, sufuria ikiwa imeepuliwa. Maziwa yakichemka na nyanya hukatika, na hakuna kuyarudisha. Kijiko kimoja cha samli ya nyumbani kinatosha kama mifupa ilifanya kazi yake. Ukiona mpishi anamimina maziwa nusu lita na siagi kwa ukarimu, mara nyingi anafidia saa mbili za moto ambazo hakuzitumia, na mlaji ataondoka ameshiba mafuta huku akiwa hajaonja mfupa.

Hatua hizi zote zinategemea mshare, na mshare wenyewe hauko salama. Mnyauko wa Fusari, kuvu anayekaa udongoni na kuingilia mizizi, unaushambulia, na kihamba kilichoambukizwa hakisafishiki kwa dawa. Mwaka 2021 Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ilitoa aina mpya za migomba chotara zinazoitwa TARIBAN, ila hizo ni za ukoo wa ndizi za Bukoba na Uganda. Kwa mshare, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, walioko Arusha wanaendelea kuchanganya mbegu, kazi ngumu kwa mmea unaozaa mbegu kwa nadra mno. Ombi langu kwao ni dogo: ugumu wa mgomba na ukubwa wa mkungu visiwe ndiyo mizani pekee. Ndizi mpya ipikwe kwenye supu ya mifupa, ipondwe kwa mwiko, na waitwe kina mama wa Kilema na Rombo waionje kabla haijapewa jina.

Nikirudi kwenye migahawa, saa ndiyo kila kitu. Dar es Salaam mtori ni chakula cha asubuhi, huuzwa sambamba na supu na chapati kuanzia saa kumi na mbili, na kufikia saa nne sufuria kubwa limekaa kwenye mkaa muda mrefu mno. Wanga unazama, chini unashika, juu maji yanakauka, na muuzaji analazimika kuongeza maji ya birika. Kila upawa wa maji huzimua chumvi na jelatini. Dada mwenye wateja wengi angefanya hivi: supu yote ikae kwenye sufuria lake, ndizi zilizopondwa zikae nzito ndani ya hotpoti, na kila baada ya nusu saa achanganye kiasi cha mabakuli kumi. Mtori wa saa nne utakuwa sawa na wa saa kumi na mbili, na hautaungua chini. Moshi, karibu na stendi na kuzunguka Soko la Mbuyuni, nimewaona wanaofanya hivyo, na mabenchi yao hujaa mapema. Mlaji naye atazame jikoni kabla ya kuketi: akiona vyombo viwili, kimoja cha supu na kingine cha ndizi, aagize bakuli kubwa, aombe ndimu na pilipili mbuzi pembeni, na chapati isubiri kwanza.