Orodha Tupu Iliyofungua Mlango wa Root

Chukua msimamizi wa mitambo Lubumbashi mwenye hati fupi ya ganda inayomalizika kwa exec python3 hesabu.py "$@". Mstari huo hauzai mchakato mpya. Namba ya mchakato inabaki ileile, kumbukumbu ya ganda inafutwa, na hesabu.py inashika nafasi. Kinachovuka ni hoja na vigeu vya mazingira, pamoja na mafaili yaliyoachwa wazi. Zile alama za nukuu zina kazi: faili la "Kampemba Mei.csv" linafika likiwa hoja moja. Weka $* bila nukuu, nalo linakatwa vipande viwili.

Chini ya exec kuna execve, wito wa mfumo unaofanya kazi hiyo, na hapo mwitaji ndiye anayeandika orodha nzima, hata hoja ya sifuri inayobeba jina la programu. Kuijaza ni desturi tu, wala kiini cha Linux hakikuilazimisha.

Januari 2022 kampuni ya Qualys ilionyesha gharama yake kupitia pkexec, programu inayoendeshwa kwa mamlaka ya root na iliyokuwamo katika Ubuntu, Debian, Fedora na CentOS. Pkexec ilianza kuhesabu kutoka hoja ya kwanza, ikiamini ya sifuri ipo daima. Mshambulizi akaiita kwa orodha tupu. Katika kumbukumbu, vigeu vya mazingira hupangwa mara tu baada ya hoja. Kwa hiyo pkexec ikasoma kigeu cha kwanza ikidhani ni jina la programu, ikalitafuta kwenye PATH, kisha ikaandika njia kamili juu ya kigeu hicho. Hivyo ndivyo GCONV_PATH, kigeu kinachoonyesha zilipo maktaba za kubadili usimbaji wa herufi na ambacho hufutwa kabla programu ya aina hii haijaanza, kilivyorudishwa ukaguzi ukiwa umekwisha. Ujumbe mmoja wa kosa ulitosha kupakia maktaba ya mshambulizi kwa mamlaka ya root. Ni ufundi wa hali ya juu, na kosa lenyewe lilikuwamo tangu 2009.

Tangu Linux 5.18, ya Mei 2022, kiini huweka hoja moja isiyo na herufi pale orodha inapokuwa tupu. OpenBSD ilikuwa tayari inaikataa, na nadhani huo ndio uamuzi bora.

Wewe unayetunza seva ya zamani ya shule au duka, sasisha polkit, kifurushi chenye pkexec. Kama mtandao hauruhusu leo, andika chmod 0755 /usr/bin/pkexec kwa mamlaka ya root, ili programu hiyo isiendeshwe tena kwa mamlaka hayo.