Heko kwa Walinzi wa Njia

Saa nane usiku, mji umelala. Fundi wa mtandao anaandika mstari mmoja kwenye ruta: kila njia inayotoka BGP kuingia OSPF ipigwe lebo namba 100. Kisha anaingia kwenye ruta ya pili, iliyo upande mwingine wa mtandao, na kuamuru kuwa yenye lebo 100 isirudi ilikotoka. Kwa mistari hiyo nampa heko.

Asiyejua atasema ni amri mbili tu. Lakini BGP na OSPF, itifaki ambazo ruta hutumia kuchagua njia za kupitisha pakiti za data, hazipimi kwa kipimo kimoja. OSPF hujumlisha gharama za viungo. BGP, iliyozaliwa 1989, hutazama orodha ya mitandao ambayo tangazo limepitia, na njia ikivushwa kwenda OSPF huiacha orodha hiyo mlangoni. Bila lebo, yaweza kurudi kwa mlango wa nyuma kama mgeni, na pakiti zikazungushwa huku na huku hadi zitupwe bila kufika.

Madhara ya njia kuvuka mpaka bila ulinzi yalionekana Februari 2008, Pakistan ilipoagiza YouTube ifungwe nchini humo. Njia iliyokusudiwa kubaki ndani ilivuja, ikatangazwa nje kwa BGP, na kwa takribani saa mbili YouTube ikawa haipatikani sehemu kubwa ya dunia. Kichujio kimoja mpakani kingeizuia.

Ndiyo maana nawaheshimu wanaoorodhesha njia zinazoruhusiwa, moja baada ya nyingine, kabla ya kufungua mlango. Wakimaliza hukagua jedwali la njia, wakakagua tena, ndipo wanahifadhi. Alfajiri mteja anampigia mama yake simu ya video, na picha haikwami.