Chombo Kisichorudi Bandarini

Ufukweni Kalundu, mjini Uvira kando ya Ziwa Tanganyika, kushuka kidogo kutoka bandarini, yupo mzee anayeunda mitumbwi ya mbao. Akimaliza kuziba mwanya kwa pamba iliyolowekwa mawese, hufumba macho, akapitisha kidole gumba juu yake kuanzia mbele hadi nyuma, kisha akarudia. Vijana wa jirani hawana muda huo. Mbao mbichi, misumari michache, na msimu ukigeuka wavuvi wa ndagala wanachota maji kwa ndoo. Nikimtazama mzee huyo nawakumbuka mafundi wengine, walioona haya kuharakisha kwa sababu chombo chao kikishaondoka hakuna mkono utakaokifikia tena.

Nasema wale waliounda vyombo vya kutazama eksirei za angani. Hewa tunayovuta inazizuia zote, na ndiyo salama yetu. Anayetaka kuziona sharti apande juu ya hewa. Zinatoka mahali pa kutisha: gesi inayoporomokea kwenye shimo jeusi hadi ikapata joto la mamilioni ya nyuzi, nyota zilizokufa ambamo maada nyingi kuliko ya jua letu imebanwa katika tufe la kilomita ishirini na kitu. Hakuna maabara duniani iwezayo kuiga hali hizo.

Chombo cha kwanza kabisa kilichotengwa kwa kazi hiyo kiliondoka kwetu Afrika Mashariki. Kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru, na Marjorie Townsend, mama aliyeusimamia mradi upande wa NASA, akakiita Uhuru. Walikuja hadi ikweta kwa sababu ya kiufundi: huko chombo hukwepa mikanda ya mionzi inayoizunguka dunia, ambayo ingevijaza vipokezi vyake kelele. Njia yake iliinama nyuzi 3 tu, nacho kikaizunguka dunia kwa dakika 96 hivi. Maana yake ni kwamba kilikuwa kikipita karibu na utosi wa Ziwa Tanganyika, mzunguko baada ya mzunguko, juu ya wavuvi wa Uvira waliokuwa wamewasha karabai zao. Mpaka leo jambo hilo linanigusa.

Kilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, uzito wa watu wawili. Mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake hawakukiwekea kioo wala kamera. Walikipa seti mbili za visanduku vya gesi, zimepeana mgongo, kila moja yenye eneo la sentimita za mraba 840. Mdomo wa visanduku ulifunikwa kwa utando wa berili. Ukiwa mnene, eksirei hazipiti. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, gesi inaupasua na kumwagikia utupu. Kati ya makosa hayo mawili palikuwa na upenyo mdogo tu, na mafundi waliupata. Seti moja ilichungulia kupitia ufa wenye upana wa nusu digrii, karibu sawa na mwezi mpevu unavyoonekana, ili ijue eksirei zinatoka wapi hasa. Nyingine iliachwa wazi zaidi ili ikusanye zilizo hafifu. Kisha chombo chote kikazungushwa polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, na polepole ile ndiyo iliyowapa muda wa kuhesabu.

Kikaona nyota ya Centaurus X-3 ikipiga kama moyo kila sekunde 4.8. Kikaona Cygnus X-1 ikimetameta kwa kasi ambayo kitu kikubwa hakiwezi. Ikawa ya kwanza kuaminiwa kuwa shimo jeusi. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Kilinyamaza mwezi Machi 1973, na Giacconi akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Waliofuata walijifunza kung'arisha vioo hadi usawa wa atomu chache, kwa kuwa eksirei hairudishwi ila ikikigusa kioo kwa kukiparaza. Darubini ya Chandra, iliyorushwa 1999 kwa kazi ya miaka 5, bado inafanya kazi. Lakini Hitomi ya Wajapani, yenye kifaa kilichokuwa hakijapata mfano, iliondoka Februari 2016 na kabla Machi haijaisha ikajizungusha hadi ikavunjika, kwa sababu pamoja na mengine ilitumiwa namba zisizo sahihi ambazo hazikukaguliwa ipasavyo. Miaka ya kazi ya mikono, ikapotezwa na uzembe wa kutohakiki. Siku hizi setilaiti zinarushwa kwa maelfu, na iliyoharibika inaachwa iungue hewani. Sioni fahari yoyote hapo.

Roketi ya mwisho iliruka Ngomeni mwaka 1988. Antena za Malindi zingali zinapokea habari za darubini za eksirei kama NuSTAR, lakini muulize mwanafunzi yeyote wa Uvira, au hata wa Mombasa, Uhuru kilikuwa chombo gani. Walimu wa fizikia wa Kalundu, Mulongwe na Kavimvira, nawaomba: siku mtakapofundisha eksirei, msiishie kwenye picha ya mfupa uliovunjika. Watajieni watoto chombo hiki, tarehe yake, na bahari kilikotokea.