Mgeni na Jembe Lake: Rekodi Tatu za Mwimbaji Somi

Miongoni mwa waimbaji wa jazi wa kizazi hiki, Somi anastahili kusikilizwa kwa makini katika eneo la Maziwa Makuu. Alizaliwa Illinois, Marekani, baba yake akiwa Mnyarwanda na mama yake Mganda. Wengi walimfahamu kwa albamu ya The Lagos Music Salon (2014), tunda la miezi 18 aliyoishi Lagos. Je, rekodi zilizofuata zinaendeleza kazi hiyo, au zinairudia tu? Jibu limo katika neno moja ambalo Kiswahili hulibebesha maana mbili: mgeni, yaani asiyejulikana na pia anayekaribishwa.

Petite Afrique (2017) ni jina la mtaa wa wahamiaji Waafrika kandokando ya Barabara ya 116, Harlem, mjini New York. Katika "Alien", Somi anauchukua wimbo wa Sting kuhusu Mwingereza aishiye mji huo na kumweka Mwafrika mahali pake. Badiliko ni dogo, lakini uzito wake ni mkubwa: ugeni wa Mwingereza ni jambo la adabu na desturi, hali ule wa Mwafrika wagusa haki ya kukaa. "The Gentry", alioimba pamoja na Aloe Blacc, waonyesha jinsi wenyeji wanavyogeuzwa wageni kodi za nyumba zipandapo.

Holy Room (2020) ilirekodiwa mbele ya hadhira katika ukumbi wa Alte Oper, Frankfurt, pamoja na bendi kubwa ya jazi ya redio ya mji huo. Hapa yafaa kukiri kasoro: mara kwa mara tarumbeta hufunika maneno ambayo hapo awali yalisikika kama siri. Hata hivyo, "Alien" yapata maana mpya. Aliyelalamika pembezoni sasa anasimama katikati, na kundi zima linamfuata.

Ya tatu ni Zenzile, iliyotolewa tarehe 4 Machi 2022, siku ambayo Miriam Makeba angetimiza miaka 90. Zenzile ni jina alilopewa Makeba alipozaliwa. Mwaka 1960 Makeba alizuiliwa kurudi Afrika Kusini, akaishi uhamishoni hadi 1990. Kwa hiyo hakuna aliyeujua ugeni kumshinda. Hatari ya kazi ya namna hii ni kuiga. Somi aiepuka: hashindani na nguvu za sauti ya Makeba, bali abaki na sauti yake laini, akiziimba nyimbo zile kama mtu anayezikumbuka. Waalikwa, wakiwemo Angélique Kidjo, Gregory Porter na Ladysmith Black Mambazo, ni wengi kupita kiasi. Lakini wanatukumbusha kwamba urithi huu si wa mtu mmoja.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika albamu ya kwanza Somi anadai mahali pa kuketi. Katika ya pili anakaribishwa. Katika ya tatu ameshika jembe na kulima shamba aliloachiwa. Anayetaka kumfahamu aanze na Petite Afrique, kisha azifuate hizo mbili kwa mpangilio wake. Msikilizaji aliyewahi kuulizwa kwao ni wapi hatahitaji mfasiri.