UHAKIKI: Unywele wa Muhtasib na Maziwa ya Tukuyu

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.). Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (s.a.w.).

Miongoni mwa vitabu vya hisba vinavyotajwa sana na wanafunzi wetu ni Nihayatur-Rutba cha Sheikh Abdurrahman ash-Shayzari, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 12 Miladia. Kinamfundisha muhtasib, yaani msimamizi wa soko, namna ya kuwabaini wenye kughushi. Kuhusu maziwa anaelekeza: chovya unywele kisha uutoe, maziwa yasiponata, yametiwa maji.

Baadhi ya wahadhiri huishia hapo na kujifaharisha kuwa Waislamu walipima maziwa kabla ya Ulaya. Fahari hiyo inakipunja kitabu chenyewe.

Tuseme kweli: kipimo cha unywele ni dhaifu. Hakionyeshi kiasi cha maji, wala hakimkamati aliyeengua malai. Hata laktomita, iliyotegemewa na miji ya Ulaya na Marekani, ilichezewa. Lita moja ya maziwa halisi ya ng'ombe ina uzito wa karibu kilo 1.03. Maji huupunguza uzito huo, kuengua malai huuongeza. Mjanja akifanya yote mawili, kipimo husoma sawa. Ndiyo maana mwaka 1890 Stephen Babcock wa Wisconsin alitoa kipimo cha mafuta ya maziwa. Kila kipimo hupata mjanja wake.

Basi nguvu ya kitabu iko wapi? Iko katika msingi wake: uaminifu wa sokoni hauachiwi dhamiri ya muuzaji peke yake. Katika Hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) hakutosheka na sura ya juu ya lundo la chakula, alitia mkono ndani, akakuta unyevu. Mwenyewe alipojitetea kuwa ni mvua, aliulizwa kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Kunyeshewa si dhambi. Kuficha ndiyo dhambi. Kwa watu wa Tukuyu, mji wa mvua nyingi, somo hili halihitaji tafsiri.

Lakini Shayzari asisomwe peke yake. Ibn Taymiyya katika al-Hisba ananukuu kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliyamwaga maziwa yaliyochanganywa na maji, na kwamba Imam Malik aliona bora yatolewe sadaka kwa maskini. Wote wawili walikubaliana katika jambo moja: hayarudi sokoni kwa faida ya aliyeghushi.

Hapo ndipo penye uzito kwa Rungwe, wilaya ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Maziwa yakikataliwa kwenye kituo cha kukusanyia, kisha mwenyewe akayapeleka kwa muuza chai mtaani, kipimo kimekilinda kiwanda na kumwacha mlaji maskini. Na dumu moja likipenya na kumiminwa kwenye tangi, haki ya majirani waaminifu, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, imechafuliwa.

Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Maziwa Tanzania, lakini Bodi haiwezi kusimama kwenye kila zizi. Maimamu wa Tukuyu wasiishie kuhubiri kisa cha binti aliyekataa kutia maji kwenye maziwa. Waulize pia: yaliyokataliwa asubuhi yamekwenda wapi?

Wallahu a'alam.