Ritifaa na Jina la Mwenye Mali

Mwalimu wa Nyakakika, katika Karagwe, hana budi kushika kalamu kwa lugha tatu: Kinyambo cha nyumbani, Kiswahili cha shuleni, na Kiingereza cha madarasa ya juu. Ile alama ndogo iitwayo ritifaa ina kazi yake mbali katika kila moja, na kwa hiyo huandikwa ovyo, hasa palipo na jina la mtu.

Kiingereza huiweka nyuma ya jina la mwenye mali: Peter's. Kiswahili hakina haja nayo hapo. Kitabu cha Petro, yatosha. Hata mwana wa Adamu alipokuwa mwanadamu, haikutiwa alama. Ritifaa ya Kiswahili ni sehemu ya herufi: yatenga ng'oa, kama kung'oa mti, na ngoa, yaani wivu au tamaa. Aiachaye ameandika neno jingine kabisa.

Kinyambo ndicho chenye fundisho. Huko nomino ya kawaida huanza kwa irabu, omuntu, omukama, na ile a ya kiunganisho humezwa mbele yake: ente z'omukama, ng'ombe wa mfalme. Lakini jina la mtu halina irabu hiyo ya mbele, basi hakuna kilichomezwa: ente za Rumanyika, yule mfalme aliyempokea Speke mwaka 1861. Kuandika z'Rumanyika ni kuonyesha pengo pasipo pengo. Kuandika zomukama ni kulificha lililopo. Kosa la kwanza twalishuku kuwa mgeni aliyeingia na Kiingereza.

Wala si jambo la urembo. Katika Kinyankore, ndugu wa karibu wa Kinyambo, enju y'omukama ni nyumba ya mfalme, na enju ya Mukama ni nyumba ya Bwana Mungu. Msomaji wa ibada akipewa karatasi yenye y'Mukama, asome lipi?

Yabaki majina ya kigeni yaanzayo kwa irabu, kama Abrahamu. Wapo wapendao a ya kiunganisho imezwe hapo pia, kwa kuwa ulimi huimeza. Sisi twapendelea wa Abrahamu, maneno mawili kamili, maana jina lililoandikwa katika daftari la ubatizo lafaa litambulikane kwa sura ile ile popote liandikwapo. Ulimi na ufanye upendavyo.