"Nguvu za Kiume": Kauli Isiyotosha Kuwa Istilahi

Mjini Dodoma, kama ilivyo katika miji mingine nchini, matangazo ya dawa huahidi kurudisha "nguvu za kiume". Ugomvi wetu si na wauzaji. Tunachopinga ni kauli hiyo kuhamia katika maandishi ya afya na kushika nafasi ya istilahi.

Kauli hii hubeba mambo matatu kwa pamoja: uume kushindwa kusimama, ugumba, na upungufu wa homoni ya testosteroni. Kila jambo lina chanzo chake. Testosteroni hupungua polepole, takribani asilimia 1 kwa mwaka, tangu umri wa miaka 30 au 40. Uume kushindwa kusimama, kwa upande wake, mara nyingi hutokana na kisukari au shinikizo la damu. Mzee wa Kongwa au Manyoni akiambiwa tu kwamba "nguvu zimepungua", huenda akanunua mizizi sokoni huku kisukari kikizidi kumdhuru.

"Ukomohedhi wa wanaume" nao haufai. Mwanamume hana hedhi ya kukoma, wala uzazi wake haukatiki kama wa mwanamke.

Tunapendekeza "upungufu wa testosteroni" utumike pale tu kipimo cha damu kinapouthibitisha, na dalili nyingine zitajwe kwa majina yake. Tafsida ina heshima yake barazani. Katika maandishi ya tiba, humficha mgonjwa ugonjwa wake.